Mwonjaji wa Pipa la Damiano

Itaka, Mbozi.
Tarehe 22 Agosti, 1999.

Kwa mwanangu Ruti,
kwa Mama Naila, Tunduma.

Ruti mwanangu, kabla ya neno lolote nakupa mkono. Umeamkaje? Kile kifua cha vumbi la Tunduma kimepoa, au bado unakohoa asubuhi? Unakula ukashiba, au unakula kwa haya kwa kuwa ni nyumba ya watu? Ukipakuliwa, kula. Nilikuona msibani umekonda shingo, nikashindwa kukuuliza mbele ya watu, na tangu siku ile sijatulia. Mama Naila hajambo? Mtoto ameacha kulia usiku? Mwambie mama yako wa Itaka anamsalimu sana, tena kwa heshima, na kile kitenge alichotuma kwa ajili ya msiba nimekivaa kanisani.

Huku kwetu baridi imeanza kupungua. Kahawa tunamalizia kuchuma, imebaki ile ya bondeni. Nguruwe mweusi amezaa, akalalia wawili, waliobaki wananyonya vizuri. Baba yako hajambo isipokuwa kiuno. Mimi nipo.

Naandikia jikoni, juu ya sinia, kwa kalamu ya mjukuu wangu Angel. Unajua shule yangu ni ile ya watu wazima, tulikuwa tunasoma jioni watoto wakiwa mgongoni, mmoja analia mwingine anavuta daftari. Nikikosea usicheke, soma polepole utanielewa.

Barua yako niliipata kwa mkono wa Uledi, dereva wenu, alipokuja kupakia mahindi. Umeuliza dada yako Yunisi alikufa kwa nini hasa, maana pale msibani kila mtu alikuwa na lake. Umesema huelewi pombe imuue yeye aliyekuwa anaonja tu, halafu imwache mumewe Damiano anayeianza na jogoo. Tena umeuliza kwa nini baba yako amekutumia maneno kwamba urudi nyumbani upesi. Mwanangu, hayo unayoyaona mawili ni jambo moja. Nitakueleza lote, lakini nisikutie wasiwasi njiani, nalisema kabisa hapa mwanzo: wanakutaka ukakae kwenye pipa la dada yako. Mimi sitaki. Sasa sikiliza.

Komoni ya kwa Damiano, pombe ile ya ulezi, ni komoni yetu sisi. Mimi nilifundishwa na mama yangu kuotesha ulezi na kukaanga unga usiungue, nikamfundisha Yunisi, na Yunisi akaenda nayo alikoolewa. Watu wa hapa mpaka wa Mkwajuni wanaokuja kuuza dhahabu yao Vwawa wanaijua. Na sheria ya pombe unaijua: aliyepika ndiye anayeonja kwanza, mbele ya mnunuzi, ameze wamwone koo likishuka. Kila kundi likiketi likaagiza ndoo yake, kopo la kwanza ni la mpishi. Mwanaume hawezi kumwonjea, watasema yeye atajuaje kilichotiwa ndani. Mtu wa kuajiriwa hawezi, watasema huyo hana uchungu, atatuua aende kwao. Lazima awe mwenye mkono uliopika, wa nyumba ile ile.

Zamani haikuwa kitu. Pombe tulipika siku ya kulimiana na siku ya harusi. Lakini tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waanze kuja na fedha mkononi, na Wazambia wanaofuata mahindi kulala hapa hapa, pale kilabuni kwa Damiano pipa halikauki. Kundi linatoka, kundi linaingia. Halafu akaongeza gongo, ile kali ya magendo, kule nyuma, nayo ikawa inaonjwa, tena hiyo ndiyo zaidi, maana watu wanaiogopa gongo kuliko wanavyomwogopa Mungu. Jua likizama Yunisi alikuwa amemeza makopo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyahesabu, kwa sababu kuonja si kunywa. Hivyo ndivyo tunavyosema wote huku. Mlevi ni yule wa kwenye benchi. Anayeonja yupo kazini. Jumapili alikuwa anavaa joho la kwaya, anaimba sauti ya pili, na hakuna hata mzee wa kanisa aliyewahi kumwona akipepesuka.

Alianza kuchoka mwaka juzi. Akipanda kutoka mtoni na ndoo anasimama mara kwa mara anashika kiuno, anajifanya anatazama shamba. Kisha miguu ikaanza kujaa maji. Ukibonyeza kidole kinaacha shimo kama kwenye ugali. Usiku akilala chali anazama, anashtuka anatafuta hewa, ikawa analala ameketi, ameegemea gunia la kahawa. Damiano alikuwa anamwita Fuso. Akimsikia anahema nje anawaambia walevi wasogee, gari la Zambia linapanda mlima na breki limeacha Nakonde. Watu wanacheka mpaka wanamwaga. Wengine walimuuliza Yunisi mwenyewe, eti unga unaopungua kwenye komoni siku hizi ameuficha kwenye hiyo miguu? Naye alikuwa anacheka nao. Wewe unamjua dada yako, angecheka hata na mtu anayemkanyaga.

Alipokonda mabega na tumbo likabaki mbele, vicheko vikabadilika. Wakasema ni ule ugonjwa wa siku hizi. Mama mkwe wake akamtengea sahani na kikombe, vikawekwa juu ya kichanja nje pamoja na vya mbwa. Lakini kwenye kopo la kuonjea hakuna aliyemtenga. Nililiona hilo kwa macho yangu nikashangaa: kikombe chake cha chai hawakigusi, ila kopo akilitoa mdomoni wanalipokea wanakunywa. Nilimwuliza Barnaba, kaka yake Damiano, imekuwaje. Akanijibu kwamba pombe inasafisha.

Mwaka huu baada ya Pasaka nikamchukua mwenyewe, nikampeleka hospitali. Daktari wa kwanza, kijana, alimuuliza mambo mengi na moja lilikuwa kama anakunywa pombe. Yunisi akasema hapana, mimi ni mwanakwaya. Daktari akanitazama mimi. Nikasema mwanangu hanywi, tena nikainua mkono. Sikuwa nasema uongo, Ruti. Ungeniuliza wakati ule hata mbele ya madhabahu ningejibu vile vile. Kijana akaandika hanywi. Wakampima ule ugonjwa, hana. Wakapima kifua kikuu, hana. Wakampa vidonge vya kukojoa, miguu ikapungua, tukarudi naye nyumbani tunamshukuru Mungu. Na aliporudi alikuta pipa limeiva linamngoja. Miguu ikajaa tena kabla hatujamaliza vidonge.

Mara ya pili tulimkuta daktari mwanamke, mtu mzima, ana miwani. Safari hii Damiano alikuja, maana watu walianza kumsema. Yule mama hakuuliza habari ya kunywa. Alishika mkono wa Yunisi akaugeuza, akaona makovu ya moto, akauliza kazi yake ni nini. Yunisi akamweleza kwa furaha kabisa, unajua alivyokuwa anapenda kusifiwa komoni yake, akaeleza mpaka habari ya kuonja. Daktari akamuuliza makopo mangapi kwa siku. Yunisi akasema hajui, ni ya kuonja tu. Akamuuliza ameonja kwa muda gani. Akajibu, tangu aolewe. Daktari akavua miwani.

Nakwandikia alivyosema, kama nilivyoweza kushika. Alisema mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanaume, na tumbo lake halivunji pombe kama tumbo la mwanaume linavyovunja. Kopo moja wakigawana sawa kwa sawa mke na mume, kwa mke linafika kwenye damu likiwa na nguvu zaidi. Likifika kila siku, miaka inakwenda, nyama ya moyo inalegea. Moyo unapanuka, unakuwa mkubwa lakini hauna nguvu ya kusukuma. Mimi nilifikiri lastiki ya sketi iliyovutwa sana, sketi ipo lakini haikai kiunoni. Akasema wanaume nayo huwapata, tena wengi, ila mwanamke hufika mapema, na hufika kwa pombe ambayo kwa mwanaume usingesema ni nyingi. Hakuapa kwamba ni pombe peke yake. Alisema hata uzazi huweza kuuchosha moyo. Lakini alimwambia aache leo, asimeze hata tone, kwa sababu wapo wanaoacha na moyo ukarudi nyuma, wakalima tena, wakalea watoto. Alisema hivyo, wakalea watoto. Nilimshika Yunisi goti.

Hapo Damiano akacheka. Akamwambia daktari kwamba kama ni hivyo basi yeye angekuwa udongo, maana yeye haonji, anakunywa. Akafungua shati akataka apimwe. Yule mama akamsikiliza kwa kile kipimo cha masikioni, mbele na mgongoni, akasema moyo wake kwa leo anausikia vizuri, lakini macho yake ni ya njano, arudi wamtazame ini. Ruti, la ini hakulisikia. Alisikia la moyo tu, akatoka nalo kama mtu aliyepewa cheti.

Tuliporudi hakusubiri hata Yunisi ashuke garini. Aliingia kilabuni akawatangazia kwamba madaktari wamempima na moyo wake ni wa dume la ng'ombe, na kwamba pombe ni mali ya wanaume, mwanamke moyo wake ni wa kifaranga. Wakamnunulia. Kila aliyeingia siku ile aliweka kifua mbele apigwe ngumi aonekane naye ni dume. Na maneno ya daktari yakageuka. Mimi nilikuwa nimeyabeba kama dawa, wao wakayafanya ushahidi dhidi ya mgonjwa. Barnaba akasema mbele ya wote kwamba kitu kimoja hakiwezi kumuua anayekionja na kumwacha anayekinywa, kwa hiyo mwanamke huyu ana lake. Ama ananywa kwa siri gongo ya watu, ama amefanya neno na mizimu ya kwao inamdai. Wakamtaka aseme. Amekaa juu ya mkeka, anahema, wanamtaka aungame. Akasema hana la kuungama. Wakasema unaona, ana kiburi.

Hata hivyo aliacha. Nataka ulijue hilo, watu wasije wakakudanganya. Aliacha kabisa, na kwa siku zile chache miguu ilianza kunywea, akalala usingizi, hata akaimba kidogo akiwa anapepeta. Damiano akapika kwa kumtumia mama yake na binti yao Angel. Pipa likaiva, walevi wakaja, wakaagiza. Wakamngoja mpishi aje aonje. Yunisi akakaa ndani. Damiano akaonja yeye, wakasema kopo la mwenye kilabu halihesabiki. Mama mkwe akataka kuonja, wakasema wewe mkono wako hatuujui. Mmoja akasema kwa sauti kwamba mpishi akiikimbia pombe yake, basi kuna kitu amekitia. Wakainuka wote wakaenda kilabu cha jirani. Lile pipa lilichachuka, likamwagwa kwenye mfereji, bata wakalewa.

Pipa lililofuata Damiano hakutaka mchezo. Alilitoa uani, akalibingirisha mpaka mlangoni pa nyumba, mbele ya mkeka wa dada yako. Akawaita watu waje washuhudie. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea uji. Nilisema, mkwe wangu, daktari alisema hata tone. Akaniambia kwa adabu kabisa, mama, daktari hali kwetu. Baba yako naye alikuwepo, ameshika kopo lake tupu. Unajua Yunisi alikuwa hamwachi baba yako arudi na kiu. Nikamtazama aseme neno. Akasema, mwanangu, onja kidogo tu, watu waende kwa amani.

Wanawake wawili wakamwinua, mmoja huku mmoja huku, kwa sababu mwenyewe bado alikuwa hana nguvu za kuinuka. Akaonja. Damiano akasema koo halijaonekana, arudie. Akarudia. Kundi la pili likaja likasema sisi hatukuona. Wakaendelea hivyo mpaka jioni, kila kundi na kopo lake, na kila akimeza walikuwa wanapiga makofi. Kuna aliyesema Fuso limepata dizeli. Nilipanguza mdomo wake kwa khanga yangu. Aliniambia usihangaike mama, ni ya kuonja tu.

Hakumaliza wiki. Alifia kwenye gunia lile lile, ameketi, Angel alidhani amesinzia akamfunika miguu. Wewe ulikuja ukamkuta amekwisha kuoshwa. Waliokuambia ni mizimu, waliokuambia ni ule ugonjwa, na yule shangazi yenu aliyekuambia Yunisi alikuwa mlevi wa siri, wote waache. Dada yako aliuawa na kazi, na kazi yenyewe wakamfuata nayo kitandani.

Sasa nije kwenye hili lako. Baada ya wewe kuondoka, kabla hatujamaliza hata matanga, Barnaba alikuja hapa na jogoo na kilo ya sukari. Alikaa na baba yako, akasema maneno mazuri sana. Kwamba mtoto wa marehemu anahitaji mama wa damu yake. Kwamba kwetu mdogo mtu hushika jiko la dada yake, ndivyo ilivyokuwa. Kwamba Damiano bado ni mwanaume mwenye nguvu, madaktari wamethibitisha. Akaongeza akicheka kwamba Yunisi alikuwa na moyo mbovu, lakini Ruti amekaa Tunduma, amekula kuku wa Waislamu, moyo wake ni mpya. Nilikuwa namenya viazi. Nilisema moyo wa Ruti ni wa mwanamke kama ule ule, nikaanza kuwaeleza ya daktari, habari ya maji na tumbo. Barnaba akamgeukia baba yako akamuuliza tangu lini wanawake wa Itaka wana matumbo ya kisomi. Wakacheka. Baba yako akaniambia nikaangalie jogoo asifunguke.

Usimchukie baba yako. Asubuhi kabla hajapata kopo analia, anasema Yunisi, Yunisi. Lakini jioni kiu ikimkamata anasema mwanamke mmoja kufa si sababu ya nyumba nzima kufa. Ndiye aliyekutumia maneno urudi. Umefanya vizuri kuchelewa. Nimewasikia wakishauriana kwamba usipokuja kwa huo ujumbe, utatumwa mwingine wa kusema mama yako ni mgonjwa, maana kwa hilo Ruti hawezi kukataa. Wanakujua.

Na wakati wewe unangojwa, walimtaka Angel. Angel huyu wa darasa la sita, ambaye bado anaruka kamba. Mama mkwe alisema mtoto alimsaidia mama yake kupika, mkono wake ni ule ule, aanze kidogo kidogo, atazoea. Siku ya mnada nikasikia wamemvalisha khanga ya mama yake. Nilikwenda mbio, nikamkuta amesimama karibu na pipa, kopo limo mkononi, wanaume wanamwambia meza binti, usiogope, ni ya kuonja. Alikuwa amekwisha kumeza la kwanza. Macho yake yalikuwa yananitafuta.

Kuna jambo sijamwambia mtu, nakuambia wewe. Nililichukua lile kopo. Niliwaambia komoni hii mwenyewe ni mimi, Yunisi alijifunza kwangu, hakuna mkono wa kweli kuliko huu, nitaonja mimi mpaka Ruti arudi. Wakafurahi sana. Walisema bibi amefufuka. Tangu siku ile ninayeonja pipa la Damiano ni mimi, Ruti, komoni na ile ya nyuma, kila kundi, wanamwona bibi anameza. Na wewe sitaki urudi. Niliwaambia vile ili wangoje.

Tena lipo la chini yake. Siku ile hospitali, yule daktari wa miwani aliniona nashika ukuta nikipanda ngazi za wodi. Alipomaliza na dada yako akaniita nami, akaniweka kile kipimo chake kifuani, akasikiliza muda mrefu. Akaniuliza kama nami nilikuwa naonja. Nikamwambia tangu kabla ya Yunisi kuzaliwa, mpaka magoti yaliponizuia kukoroga. Aliniambia moyo wangu uko njia ile ile, umepanuka, ila kwa kuwa nimekwisha kuacha, nikikaa hivyo hivyo naweza kuwaona vitukuu. Sikukuambia msibani kwa sababu ulikuwa na lako la kulia. Huku hajui mtu. Nikisema, watasema basi bibi apumzike, na watamrudisha mtoto.

Ndiyo maana aliyekuletea barua hii ni Angel mwenyewe. Nimewaambia namtuma kwa Uledi akachukue chumvi na akusalimu, atarudi na lori la wiki ijayo. Hatarudi. Mpokee. Mwombe Mama Naila kwa magoti, mwambie mtoto anajua kufua na kufagia, hali sana, na aendelee na shule kama ipo karibu. Katika nyumba ile hakuna kopo la kuonjwa, na mimi ambaye nilihuzunika ulipokwenda kukaa na watu wa dini nyingine, leo namshukuru Mungu kwa ajili yao. Wakija kumuulizia, mwambie Mama Naila azungumze yeye, wewe una huruma nyingi. Ila sidhani watakuja upesi. Pipa likiwa na mtu wa kulionja hakuna anayeuliza mtoto yuko wapi. Hilo ndilo ninaloliangalia mimi huku.

Ukurasa huu usimsomee. Yeye anajua bibi anaonja. Hajui bibi ana nini.

Mpake mafuta miguuni, ngozi yake inapasuka kwa baridi. Akiamka analia usimuulize, mshike tu. Anapenda maharage yaliyokauka mchuzi. Nimemfungia sweta la mama yake, ni kubwa, kunja mikono.

Nisalimie Mama Naila na mumewe, na Naila mdogo, na wote wa hapo uani ambao siwajui majina. Uledi mpe chai, ni mtu mwema, hakuniuliza kitu. Baba yako angekusalimu lakini hajui kama naandika.

Na ukiletewa habari kwamba mama yako anaumwa, usijisumbue kuchunguza kama ni uongo. Itakuwa kweli, nawe usije. Ikija ya kwamba nimekufa, hiyo nayo iamini, usije hata kunizika. Atakayekanyaga hapa analia ndiye watakayempa kopo. Lieni huko huko, wewe na Angel, mkimaliza mle.

Ni mimi mama yako mzazi, ninayekupenda,
Tulinagwe.